Rangi za Mjomba

Kabla sijajua chochote kuhusu mitandao, nilijua rangi. Bluu, chungwa, kijani, kahawia. Mjomba alizikariri kama mtoto wa nasari anavyokariri siku za wiki, na ukimpa nafasi aliongeza ya tano, kijivu, ambayo kwenye kebo ya kompyuta haipo kabisa. "Kila rangi na mke wake mweupe," aliniambia huku akivua ganda la kebo kwa meno. "Usiwatenganishe, kijana."

Ilikuwa 2007. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, niko nyumbani Umoja, sina kazi wala mpango. Mjomba alikuwa mtu wa simu kwa miaka mingi, akapunguzwa kazi pamoja na wenzake, na tangu hapo akawa fundi wa chochote chenye waya: kengele za milango, antena za TV, redio za matatu. Ndipo ikaja kazi ya kompyuta. Chuo kimoja cha mtaani, ghorofa mbili, mashine 24, swichi moja ndani ya kabati huko juu. Tukapewa nusu ya pesa mbele, tukanunua kebo na vichwa Luthuli, tukapiga kazi siku tatu.

Mpangilio wetu haukuwa na maneno mengi. Nyeupe-bluu, bluu. Nyeupe-chungwa, chungwa. Nyeupe-kijani, kijani. Nyeupe-kahawia, kahawia. Mke na mume, mke na mume, ncha hii sawa na ncha ile. Testa, kale kadude ka taa nane, ikawaka moja hadi nane bila kuruka hata moja. Mjomba akanipigia saluti pale kwenye ngazi.

Wiki haikuisha. Mashine zilizo karibu na kabati zilikuwa poa. Za ghorofa ya chini, zenye kebo ya mita hamsini na kitu, zilikuwa zinaudhi: ukurasa unafunguka nusu, faili inaanza kushuka halafu inakwama, wanafunzi wanapiga meza. Bosi wa chuo akakataa kutoa nusu iliyobaki. Akaita fundi mwingine, kijana wa rika langu kidogo tu kunizidi, aliyekata kila kichwa tulichoweka na kuweka vipya kwa siku moja. Mtandao ukaruka. Nilimfuata hadi stejini nikamuuliza alifanya nini. "Mlipanga rangi vibaya," akasema. "Hapa tunatumia B."

Nilimpelekea mjomba habari hiyo. Alinitazama kama niliyemtukana. "Umeme unajua rangi?" akaniuliza. "Waya ni waya. Ncha mbili zikifanana, imekwisha." Alirudi pale chuoni mara tatu kudai pesa yake, na mara zote akaambiwa aje Jumatatu. Mara mbili za kwanza tulienda pamoja. Ya tatu sikwenda naye. Nilikuwa nimeshaamua kwamba yule kijana wa B ndiye anayejua.

Tangu wakati huo nimefanya kazi ya mitandao kwa zaidi ya miaka kumi, na nimewakrimpia watu kebo nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Swali la mjomba halijaniacha. Kwa sababu ukweli ni kwamba umeme haujui rangi. Alikuwa sahihi. Na kazi yake ilikuwa mbovu. Ilinichukua muda kuelewa jinsi mambo haya mawili yanavyokaa ndani ya kebo moja, na jibu lilinipeleka mbali, hadi Marekani ya karne ya 19.

Simu za mwanzo zilitumia waya mmoja tu. Sauti ilikwenda kwa waya na kurudi kupitia ardhini. Ilifanya kazi vizuri hadi miji ilipoanza kuweka tramu za umeme na taa za barabarani, na watu wakaanza kusikia tramu ndani ya simu zao, mngurumo unaomeza mazungumzo. Dawa ya kwanza ilikuwa kuipa kila simu nyaya mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Dawa ya pili, ambayo Alexander Graham Bell alipewa hataza yake mwaka 1881, ilikuwa kuzisokota hizo mbili pamoja kama nywele.

Wacha nieleze hapa, maana kesi nzima ya mjomba imelala hapa. Katika jozi iliyosokotwa, waya mmoja ukipanda, mwenzake unashuka kwa kiasi kilekile. Anayepokea hasomi waya mmoja, anasoma tofauti kati ya hizo mbili. Kelele inapotoka nje, iwe ya tramu, ya injini ya lifti au ya jozi jirani, inazipiga nyaya zote mbili karibu sawa, kwa sababu zimekumbatiana na zinabadilishana nafasi kila baada ya sentimita chache. Kelele ikiwa sawa pande zote, tofauti haibadiliki, na mpokeaji haisikii. Ndio maana ukichambua kebo ya mtandao utaona kila jozi imesokotwa kwa mwendo wake, moja kwa kubana zaidi, nyingine kwa kulegea kidogo. Zingesokotwa sawasawa, zingeanza kusikilizana.

Kwa hiyo mjomba alivyosema usiwatenganishe, alikuwa anafundisha kitu chenye umri wa zaidi ya karne. Shida ni kwamba aliwatenganisha bila kujua.

Rangi zenyewe ni za simu. Kampuni ya AT&T, iliyotokana na ile ya Bell, ilihitaji njia ya kutambua nyaya 50 ndani ya kebo moja nene bila fundi kupagawa juu ya mlingoti. Wakaweka rangi tano upande mmoja: nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau. Upande wa pili tano: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu. Kila rangi ya huku inaoana na kila rangi ya kule, tano mara tano, jozi 25. Mke mweupe, kumbe, alikuwa na waume watano, jambo ambalo mjomba hakuwahi kunifafanulia. Kebo ya kompyuta inatumia jozi nne za kwanza tu, na hivyo kijivu chake kikabaki nje.

Kutoka hapo, nusu ya hadithi ni ya ubabe wa kibiashara. Kwa miongo mingi AT&T ilimiliki laini, simu iliyo mezani kwako na waya uliopita ukutani kwako. Huwezi kuongeza chochote. Kulikuwa na kikombe fulani kilichoitwa Hush-A-Phone, kidude cha kuvalisha mdomo wa simu ili jirani asikusikie ukiongea. Hakina umeme, hakina chochote, ni kikombe tu. AT&T ikakipinga hadi mahakamani, na ikashindwa mwaka 1956. Halafu akaja Thomas Carter wa Texas, na chombo chake cha Carterfone kilichounganisha redio za watu wa visima vya mafuta na simu za kawaida. Mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya Marekani ikaamua kwamba watu wanaweza kuunganisha vyombo vyao kwenye mtandao wa simu, mradi visiuharibu.

Lakini ukishamruhusu kila mtu achomeke, lazima tundu lijulikane. Miaka ya 1970 matundu yakasajiliwa kwa majina, na ndiko zilikotoka herufi RJ, yaani tundu lililosajiliwa. RJ11 ndiyo ya simu yako ya mezani. RJ45 halisi ilikuwa tundu la modemu, lenye kipande maalumu cha umeme ndani yake. Kile ambacho wewe na mimi tunakiita RJ45 ni kichwa cha pini nane kilichorithi jina la marehemu. Mtaani hakuna atakayekuelewa ukikiita kitu kingine, kwa hiyo tuendelee.

Sasa angalia watu wa simu walivyopanga jozi ndani ya kile kichwa. Hawakupanga kutoka kushoto kwenda kulia kama mjomba. Walianza katikati. Jozi ya kwanza, bluu, ilikaa kwenye pini ya 4 na ya 5. Jozi ya pili ikaizunguka, 3 na 6. Ya tatu ikazunguka hizo, 2 na 7, na ya nne 1 na 8. Ni kama sufuria za kupangana. Kulikuwa na akili ndani yake: kichwa kidogo cha simu kinaingia ndani ya tundu kubwa na bado laini ya kwanza inakutana na ya kwanza, ya pili na ya pili. Hata waya ukigeuzwa, jozi inabaki jozi.

Kwa sauti ya binadamu mpango huu hauna neno. Kwa data una shida, kwa sababu mke na mume walio kwenye pini ya 1 na ya 8 wamekaa mbali mno, na data ya kasi haipendi umbali huo hata kwa urefu wa kichwa chenyewe.

Kompyuta nazo zilikuwa na njia zao. Mei 1973 Robert Metcalfe, akifanya kazi katika maabara ya Xerox kule California, aliandika waraka ulioelezea Etheneti, na kwa miaka mingi Etheneti ilipita kwenye kebo nene ya koaksia, ngumu kama bomba la maji. Ukitaka kuunganisha mashine, unaitoboa kebo kwa kibano chenye jino. Watu wakaanza kujiuliza: majengo ya ofisi yamejaa waya wa simu ukutani, na jozi nyingine hazitumiki, mbona tunavuta bomba? Miaka ya 1980 kampuni kadhaa zikajaribu, zikafaulu, na mwaka 1990 IEEE ikapitisha 10BASE-T, megabiti 10 kwa sekunde juu ya jozi mbili zilizosokotwa. Jozi moja ya kusema, pini 1 na 2. Jozi moja ya kusikia, pini 3 na 6. Pini 4 na 5 hazikuguswa. Hapo katikati ni kwa simu.

Umeona? Hiyo 3 na 6, nafasi ya ajabu inayomfanya kila mwanafunzi wa mitandao aulize "lakini kwa nini?", ni sufuria ya pili ya watu wa simu.

Wakati huohuo AT&T ilikuwa imevunjwa. Kuanzia Januari 1984 kampuni za simu za mikoa zilisimama zenyewe, na swali la nani anamiliki waya ulio ukutani likabaki hewani. IBM ilikuwa na kebo zake, wengine zao, na ukihama kutoka kampuni moja ya kompyuta hadi nyingine unabomoa dari. Mwaka 1985 chama cha kampuni za kompyuta na mawasiliano kiliomba chama cha viwanda vya elektroniki kiandike kiwango kimoja cha waya za majengo. Kazi ilichukua miaka sita. Julai 1991 kikatoka, namba yake 568.

Hapo ndipo A na B zinapozaliwa, na siri yake haina utukufu wowote. Wote walikubaliana bluu ibaki katikati na kahawia ikae 7 na 8, pamoja, si mbali. Walikubaliana 1 na 2 iwe jozi, na 3 na 6 iwe jozi. Kilichobaki ni chungwa na kijani: nani akae wapi? Ukifuata mpangilio wa simu, chungwa ni jozi ya pili na mahali pake ni 3 na 6. Hiyo ndiyo T568A, na laini mbili za simu zinapita humo bila kubadilisha kitu. Lakini AT&T ilikuwa tayari imeshaweka majengo mengi kwa mpango wake, ulioitwa 258A, ambao chungwa linakaa 1 na 2 na kijani 3 na 6. Kamati ingeweza kumwambia jitu lile livunje kuta zake. Badala yake mpango wa AT&T ukaingia kwenye kiwango kwa jina T568B. A ikapendekezwa, B ikaruhusiwa pale ambapo mfumo uliokuwepo uliihitaji. Serikali ya Marekani ikachagua A kwa majengo yake. Ofisi za biashara, ambako AT&T ilikuwa imeshatangulia, zikaendelea na B.

Kiumeme hakuna tofauti. Chungwa na kijani zimebadilishana viti, basi. Faida pekee ya kuwa na mipango miwili ni kwamba ukiweka A ncha moja na B ncha nyingine, unapata krosova: kusema kwa huyu kunakuwa kusikia kwa yule, na mashine mbili zinaongea bila swichi. Wale tuliocheza gemu kwenye saiba tunaikumbuka kebo hiyo ikining'inia msumarini, imefungwa seloteipu nyekundu ili mtu asiiguse. Baadaye swichi zikajifunza kujigeuza zenyewe, na krosova ikafa kifo cha kimyakimya.

Halafu kuna mkanganyiko wa majina ambao naamini ndio uliomfunza yule kijana wa stejini. Kiwango kilipoandikwa upya mwaka 1995 kiliitwa 568-A. Kilipoandikwa upya tena mwaka 2001 kikaitwa 568-B. Hayo ni matoleo ya kitabu kizima. Hayahusiani na T568A na T568B, ambayo ni mipangilio ya rangi, na yote miwili imo ndani ya vitabu vyote viwili. Lakini mtu wa kawaida akisikia B imetoka 2001, atadhani A imepitwa na wakati. Nimewahi kuambiwa, na fundi mwenye cheti ukutani, kwamba A ni ya zamani. Nimewahi kuambiwa pia kwamba A ni ya Wazungu na B ni ya Kenya. Manze, B ni ya AT&T.

Turudi kwa mjomba na zile mashine za chini. Katika mpangilio wake, pini 1 na 2 zilikuwa nyeupe-bluu na bluu. Jozi safi. Kompyuta ilisema, na swichi ikasikia vizuri. Lakini kusikia kwa kompyuta kuko 3 na 6, na kwenye kebo yetu 3 ilikuwa nyeupe-chungwa, na 6 ilikuwa kijani. Nyeupe-chungwa amesokotwa na chungwa, aliyekuwa kwenye pini ya 4 hana kazi. Kijani amesokotwa na nyeupe-kijani, kwenye pini ya 5, naye hana kazi. Wawili wasio wa nyumba moja walipewa ujumbe mmoja waubebe, na kelele iliyompiga huyu haikumpiga yule. Kelele kubwa kuliko zote ilitoka kwa kompyuta yenyewe, ikisema kwa sauti kwenye jozi ya bluu iliyo pembeni. Ilikuwa inaomba ukurasa vizuri kabisa na haisikii jibu. Kwenye kebo fupi jibu lilifika na nguvu za kutosha. Kwenye mita hamsini, lilimezwa.

Na testa? Testa yetu ilipima kitu kimoja tu, kama pini ya 1 inafika pini ya 1. Ilifika. Kujua nani amesokotwa na nani kunahitaji mashine ya bei ambayo mimi na mjomba hatukuwahi kuishika.

Kwa mantiki ya simu hakuna alichokosea. Kwenye boksi la simu unashindilia jozi kwa mfuatano, bluu, chungwa, kijani, kahawia, na ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Pale chuoni mimi ndiye niliyekuwa na fomu foo na Kiingereza cha kusoma maelekezo yaliyochapishwa kwenye boksi la vichwa. Sikuyasoma. Yule kijana wa B naye hakujua kwa nini B; angeweka A ingefanya kazi vilevile. Alijua tu jambo moja ambalo sisi hatukulijua, na akalipwa pesa yetu.

Desemba iliyopita nilikwenda ushago kumwekea mjomba intaneti. Mkongo umefika hadi sokoni, na mjukuu wake anataka kusoma mtandaoni kutoka chumba cha nyuma, kwa hiyo ilibidi nivute kebo kupitia darini. Nilikuwa na soketi ya ukutani, zile zenye kibandiko cha rangi chenye safu mbili, A juu na B chini. Nilimwambia ile habari yote: tramu, kikombe, sufuria, ndoa ya chungwa na kijani. Nilimwambia pia ile Jumatatu ya tatu. Alisikiliza bila kuongea, amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

Halafu akaichukua ile soketi akaileta karibu na dirisha. Alizisoma safu zote mbili kwa kidole, taratibu, pini kwa pini.

"Bluu imekaa palepale kote," akasema.

Nikamwambia ndiyo, hapo ni pa simu, hakuna aliyethubutu kuigusa.

"Sasa kwangu unaweka gani?"

"Unachagua wewe, mjomba."

Akavua miwani moja, akaichukua kebo, akaivua ganda kwa meno yaliyobaki, akaanza na bluu.